Darasa la watoto wa pwani, wa mkonge na wa wafugaji: nifanye nini ili wote wajione wamo?

Mwalimu wa Mwambao (Tanga) ameuliza:

Habari za kazi, walimu wenzangu, na shikamooni wakubwa. Ninafundisha darasa la tano katika shule ya msingi iliyo kusini mwa jiji la Tanga, njia ya kwenda Pangani, na ninahitaji ushauri wa watu waliowahi kusimama mbele ya darasa linalofanana na langu. Wanafunzi wamezidi themanini. Wengi wao ni watoto wa vijiji vya pwani, ambao wazazi wao wanavua, wanalima mwani au wanaishi kwa minazi. Wengine wanatoka kambi za shamba la mkonge. Babu zao waliletwa kama manamba, yaani vibarua wa mkataba, kutoka Songea, Kigoma na hata Msumbiji, na ingawa watoto hawa wamezaliwa hapa hapa, na wazazi wao pia wamezaliwa hapa hapa, wenzao bado wanawaita watu wa kuja. Wapo pia wachache wa familia za wafugaji waliohamia kutokea upande wa Handeni, ambao Kiswahili chao bado kinasitasita.

Hakuna ugomvi wa wazi, na mgeni akipita dirishani ataona darasa tulivu. Ukikaa nao ndipo utakapoona kwamba madawati ya mbele ni ya watoto wa pwani, ya nyuma karibu na mlango ni ya watoto wa kambini, na wale wa wafugaji hukaa popote palipobaki. Nikiwapa kazi ya vikundi, mmoja anashika kalamu, wawili wanabishana, na waliobaki wanachora pembeni mwa daftari mpaka kengele igongwe. Mtoto wa mfugaji akijibu, hata kama jibu lake ni sahihi, matamshi yake huigizwa kwa kicheko cha chini chini kinachomfanya asinyooshe mkono tena wiki nzima.

Mwenzangu mmoja ofisini amependekeza tuandae siku ya utamaduni, kila mtoto aje na vazi na chakula cha kabila lake. Nia yake ni njema, lakini nasita. Nitalazimika kumuuliza kila mtoto kabila lake mbele ya wenzake, jambo ambalo shule zetu hazina desturi ya kulifanya, na sijui mtoto ambaye mama yake ni Mbondei na baba yake ni Mngoni aje amevaa nini. Zaidi ya hayo, sherehe itaisha Ijumaa, na Jumatatu kipindi cha Hisabati kitatukuta palepale tulipokuwa. Ninachotafuta ni kitu kinachofanya kazi ndani ya somo lenyewe, katika kipindi cha kawaida, bila fedha. Je, niwachanganye kwa lazima katika kukaa, au niwaache wakae watakavyo? Kazi ya vikundi ipangwe vipi ili asiwepo abiria? Na je, ni sawa kuwauliza watoto habari za kwao, au ni kuchokonoa yaliyolala?

Bibi Mwalimu (Muheza) amejibu:

Marahaba, mwanangu. Nitaanza na swali lako la mwisho, kwa kuwa mengine yote yanalitegemea.

Kabila usiulize. Nchi hii iliacha kuuliza kabila hata katika sensa. Ile ya mwaka 1967 ndiyo iliyokuwa ya mwisho kufanya hivyo. Jambo hilo limetufaa sana, lakini limetuachia pia upofu wa aina yake, kwa sababu katika kuogopa kutaja kabila tumezoea kufundisha kana kwamba watoto wote wametoka nyumba moja, tena nyumba yenye meza na taa ya kusomea. Kati ya kuuliza kabila na kutouliza chochote ipo njia nyingine, nayo ni kuuliza kazi. Kwenu mnafanya nini? Nani anakufundisha? Unajua kufanya nini ambacho mimi mwalimu wako sikijui? Mtoto hujibu maswali haya kwa raha, na jibu lake unaweza kulitumia kesho yake ubaoni.

Huko Tucson, katika jimbo la Arizona nchini Marekani, Luis Moll na wenzake waliandika mwaka 1992 juu ya walimu waliozitembelea nyumba za wanafunzi wao wenye asili ya Meksiko, si kwa ajili ya kumshtaki mtoto bali kwa ajili ya kujifunza. Walikuta kwamba nyumba ambazo shule ilizidhania tupu zina maarifa mengi ya kilimo, ujenzi, dawa na biashara, wakayageuza kuwa mada za darasani. Wewe mwenye watoto themanini huwezi kuzimaliza nyumba zote, ila unaweza kuwa na daftari lenye mstari mmoja kwa kila mtoto: jina analopenda kuitwa, na jambo moja analolijua kuliko wenzake. Shida zake usiziandike humo. Zina mahali pake. Lijaze polepole, wakati wa uji, wakati wa usafi, au mnapoongozana njiani. Mstari utakaokaa mtupu kwa muda mrefu ndio utakaokuonyesha mtoto usiyemfahamu.

Sasa tazama linavyotumika. Mtoto wa mvuvi anajua bamvua na maji mafu kabla hajajua kuandika. Anajua kwamba mwezi ukiandama na ukipevuka maji hujaa sana na kutoka sana, na kwamba saa ya maji kujaa husogea mbele kila siku. Husogea kwa takriban dakika 50. Basi andika ubaoni: ikiwa Jumatatu maji yamejaa saa 10:00 alfajiri, Alhamisi yatajaa saa ngapi? Siku tatu mara dakika 50 ni dakika 150, yaani saa mbili na nusu, kwa hiyo jibu ni saa 12:30 asubuhi. Hesabu za wakati ungezifundisha vyovyote vile, lakini safari hii anayeweza kumweleza jirani yake kwa nini saa husogea ni yule aliyezoea kusubiri ngalawa.

Siku nyingine chukua mkonge. Singa, yaani nyuzi, zinazotoka korona, mashine ya kuchambua majani ya mkonge, ni kama asilimia 4 tu ya uzito wa jani bichi. Je, kilo 500 za majani zitatoa kilo ngapi za singa? Ni kilo 20, na hapo mtoto wa kambini atawaambia wenzake yale mabaki yote yanakwenda wapi, singa zinaanikwaje, na kwa nini mkataji hutoka nyumbani kabla ya jua. Katika Historia waambie kwamba mkonge wenyewe ni wa kuja: Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 kutoka Florida mwaka 1893, ikafika hai 62 tu, ikapandwa Kikogwe, karibu na Pangani, na mashamba yote ya mkoa huu yakaanzia hapo. Nimeona darasa likinyamaza kwa hesabu hiyo. Mtoto wa mfugaji naye humtambua ng'ombe aliyepotea kwa kulitazama zizi tu, bila kuhesabu mmoja mmoja, kwa kuwa anamjua kila mnyama kwa rangi, pembe na mwendo. Mpe kazi ya kuainisha viumbe katika Sayansi, na usishangae akiona tofauti ambazo wengine hawazioni.

Kuhusu kukaa, wachanganye, lakini usitangaze kwamba unawachanganya. Ukisema wa kambini wakae na wa pwani, utakuwa umewapiga chapa upya kwa mkono wako mwenyewe. Mwanzoni mwa kila mwezi wahesabu moja hadi kumi na nne, wenye namba moja wakae pamoja, wenye namba mbili pamoja, na kuendelea, mpaka wazoee kwamba hakuna dawati la mtu.

Kazi ya vikundi nayo inaharibika kwa sababu swali tulilowapa linaweza kujibiwa na mtu mmoja. Mwaka 1971, mjini Austin, Texas, shule zilikuwa zimewachanganya watoto weupe, weusi na wenye asili ya Meksiko kwa amri, na uhasama ulikuwa mkubwa. Mwanasaikolojia Elliot Aronson na wanafunzi wake walibuni njia ambayo somo hukatwa vipande, kila mtoto katika kikundi akapewa kipande kimoja, na hakuna mwingine aliye nacho. Kabla ya kuwafundisha wenzake, hukutana kwanza na wale wa vikundi vingine wenye kipande kama chake, wakakielewa pamoja. Mchoyo wa kusikiliza hukosa jibu. Katika Jiografia unaweza kuwa na vipande sita juu ya kazi za mkoa wetu: uvuvi, mwani, minazi, mkonge, ufugaji na bandari. Mara ya kwanza mpe mtoto wa kambini kipande cha mkonge ili aanze kwa miguu imara, lakini mara ya pili mpe bandari, na mkonge umpe mtoto wa pwani akamuulize. Kama kila siku yeye ni wa mkonge tu, utakuwa umemjengea kambi nyingine ndani ya darasa.

Mtoa Wimbo (Bagamoyo) amejibu:

Shikamoo, Bibi Mwalimu. Na wewe, Mwalimu wa Mwambao, pole na majukumu.

Mimi ninafundisha Bagamoyo, mji uliokuwa na Chuo cha Sanaa tangu mwaka 1981, ambacho mwaka 2007 kiligeuzwa kuwa Taasisi ya Sanaa na Utamaduni, TaSUBa, kwa hiyo sidhani kama kuna atakayenishuku kwamba ninachukia ngoma. Pamoja na hayo ninakuunga mkono kuikwepa siku ya mavazi. Mtoto aliyevikwa shuka na kushikishwa fimbo ili apigwe picha hafundishi chochote siku hiyo, na wenzake hutoka pale wakiwa na hakika zaidi kwamba yeye ni wa kutazamwa. Ngoma inatufaa darasani kwa muundo wake. Yupo anayetoa wimbo, wapo wanaoitikia, na anayetoa leo huitikia kesho; mtindo huo watoto wote wameuzoea, awe anatoka chuoni kusoma Kurani, awe anaimba kwaya kanisani, awe amekulia kwenye ngoma za kijijini. Kwangu majedwali ya kuzidisha huimbwa hivyo, na mtoaji hubadilika kila siku kwa kufuata daftari la mahudhurio. Mtoto mwenye haya husikika sauti yake kwa mara ya kwanza akiwa na darasa zima linalomwitikia, jambo ambalo ni jepesi kuliko kusimama peke yake na kujibu.

Lililonifanya niandike hasa ni kile kicheko ulichokitaja. Utaambiwa na wengi kwamba huo ni utani tu, waache watoto. Sisi wa huku utani tunaujua. Wazaramo na Wanyamwezi wanataniana tangu enzi za misafara ya wapagazi iliyoshuka na pembe za ndovu hadi pwani hii, na utani wao una masharti. Mtani humsema mwenzake naye husemwa, na siku ya msiba mtani ndiye anayefika na kushika kazi za mazishi huku akiwachekesha waliofiwa, na hakuna anayekasirika. Anayetaniwa ana haki ya kurudisha, na ana madai kwa yule anayemtania. Mtoto anayeigizwa matamshi hana cha kurudisha wala hana anayemdai, kwa hiyo anaonewa, na tofauti hiyo mtoto wa darasa la tano anaielewa vizuri akielezwa. Waulize: huyu mnayemtania, kwenu kukiwa na msiba atakuja? Kwao ukitokea, mtakwenda? Mimi nililiuliza darasa langu swali hilo na kulikuwa na mabishano marefu kuliko nilivyotarajia, maana wapo waliosema watakwenda, na wenzao wakawauliza wanajua anakokaa.

Jambo dogo la nyongeza, ambalo halipendezi kulisema: wakati mwingine wanaoanza ni sisi. Mwalimu anayeita "wewe Mmakonde, futa ubao" anaweza kuwa anachangamsha darasa, lakini amewapa watoto themanini ruhusa ambayo hawezi kuinyang'anya tena.

Mwalimu wa Darasa la Saba amejibu:

Nimesoma yote kwa makini, na sipendi nionekane mpinzani wa kila kipya, ila naona hapa mnazungumzia darasa lisilo na mtihani. Kipindi ni dakika 40. Kuhamisha madawati ni dakika kumi, kurudisha ni kumi nyingine, na katikati kuna kelele zinazomleta mwalimu wa jirani mlangoni. Mtihani wa kumaliza elimu ya msingi hauulizi bamvua, na matokeo yakitoka, Afisa Elimu Kata haniulizi kama watoto walijisikia wamekaribishwa. Uwiano unaotakiwa wa mwalimu mmoja kwa wanafunzi 45 sisi tunausikia kwenye semina tu. Mimi huwapanga kwa uwezo, wanaoelewa haraka upande mmoja na wanaochelewa upande mwingine, nikapata nafasi ya kuwasaidia wale wa pili. Kuhusu kicheko, fimbo moja hukikomesha.

Wazo la daftari, hata hivyo, ni zuri, na halinigharimu kitu.

Bibi Mwalimu (Muheza) amejibu:

Mwalimu wa Darasa la Saba, nakushukuru kwa kusema wazi, kwa maana wengi hufikiri hivyo na kunyamaza.

Madawati hayahamishwi. Dawati letu la benchi lililounganishwa na meza linakaliwa na watoto watatu. Ukisema "geukeni", wale wa dawati la mbele wanavusha miguu juu ya benchi na kuwaelekea watatu walio nyuma yao, na hapo una kikundi cha watu sita kwa muda wa kupumua mara mbili. Wasichana waruhusu wazunguke kwa pembeni, kwa heshima ya sketi zao. Kelele zipo, sitakudanganya, lakini mwambie jirani yako mapema siku utakayofanya, na usifanye kila kipindi; mara moja kwa wiki katika somo moja inatosha kwa muhula wa kwanza.

Mtihani hauulizi bamvua, ni kweli, ila unauliza hesabu za wakati na asilimia, na mtoto aliyeacha kunyoosha mkono tangu darasa la tano atafika kwako darasa la saba akiwa ameacha pia kusikiliza. Ninachokuomba ukitazame upya ni kupanga kwa uwezo. Nenda kahesabu ni watoto wa kambi gani na vijiji gani wamejaa upande wa wanaochelewa. Kama ni mchanganyiko sawa na wa darasa zima, endelea. Kama upande huo wote ni kambini na kwa wafugaji, basi ulichokipima ni Kiswahili na uchovu wa njia, si uwezo.

Na fimbo: kanuni za mwaka 2002 zinaiweka mikononi mwa mwalimu mkuu au aliyempa idhini kwa maandishi, haizidi viboko vinne, na inaandikwa kitabuni. Kwa kosa la kucheka matamshi ya mwenzako, fimbo hukihamisha kicheko tu kutoka darasani hadi njia ya kurudi nyumbani, na huko aliyechekwa hana mwalimu wa kumtetea.

Mzazi wa Mkinga amejibu:

Samahani walimu kwa kuingia katika mazungumzo yenu, mimi si mwalimu bali ni baba wa watoto wanne, na kazi yangu ni bahari.

Mtoto wangu wa kiume wakati wa bamvua huchelewa shule, kwa sababu chombo kikiingia alfajiri tunahitaji mikono ya kupakua na kuosha nyavu kabla samaki hawajaharibika. Akifika shuleni anakuta waliochelewa wamepigishwa magoti karibu na bendera. Sisemi achelewe, na kwa sasa nimempunguzia kazi hiyo, ila mwalimu anayejua kalenda ya maji angeweza kukisia ni wiki zipi viti vya watoto wetu vitakuwa vitupu, akayapanga mazoezi ya majaribio wiki nyingine. Ni sawa na mnavyofanya Ramadhani, mnapoiondoa michezo ya mbio kwenye jua la saa saba.

Jambo la pili ni hili la kuwauliza watoto habari za kazi za nyumbani. Naliunga mkono, lakini msiwaulize mbele ya wenzao. Wapo watoto ambao baba hana kazi, wapo ambao baba hayupo, na wapo ambao kazi ya nyumbani ni ya kuficha, mtanielewa. Tuulizeni sisi siku ya kikao cha wazazi. Na mkituuliza, wagaweni kina mama wakae na mwalimu wa kike, maana mbele ya wazee wa kiume wengi wao hawatasema neno, na katika nyumba zetu wanaojua mtoto anaweza nini ni wao.

Mwalimu wa Mwambao (Tanga) ameandika tena:

Nawashukuru nyote, na wewe mzazi umenisaidia kuliko unavyodhani, kwa kuwa kalenda ya maji sasa nimeibandika pembeni mwa ratiba ya darasa.

Daftari nimelianza, na swali la maji kujaa nimelitumia. Yupo binti mmoja ambaye mama yake analima mwani. Tangu mwaka uanze sijawahi kumsikia akisema jambo bila kuitwa. Nilipomaliza kuandika swali ubaoni alinyoosha mkono akasema hilo ni swali la wanaume, kwa sababu mama yake haangalii maji yanajaa saa ngapi, anaangalia yanatoka saa ngapi, ndipo aingie kufunga mwani kwenye kamba. Darasa likacheka, lakini safari hii lilicheka pamoja naye. Nikamwomba aandike swali lake, tukaongeza saa sita na takriban dakika kumi na mbili kutoka maji yanapojaa hadi yanapotoka, na hesabu ikawa ngumu kuliko yangu. Waliokuwa wa kwanza kupata jibu walikuwa wawili wa kambini ambao bahari wanaiona kwa mbali tu.

Kugeuka kwenye benchi kunafanya kazi, na majirani wangu wamevumilia. Mahali palipokwama ni kwenye vipande. Mtoto wa mfugaji nilimpa kipande chake kimeandikwa kwenye karatasi, na mambo anayajua, lakini kukisoma kwa Kiswahili mbele ya watu watano ni mtihani mwingine kabisa. Aliishika karatasi ile mpaka mwenzake akamnyang'anya, akaisoma yeye, na kikundi kikaendelea. Kwa hiyo kazi ilikamilika, ila si kwa namna iliyokusudiwa. Je, nimwandikie kifupi zaidi, nimpe msomaji, au nimruhusu aeleze kwa mdomo tu? Ninaogopa kwamba nikimpa kitu chepesi kila mara, wenzake wataona.

Mwalimu wa Sekondari (Korogwe) amejibu:

Mwalimu mwenzangu, tatizo lako ndilo letu sisi tunaowapokea kidato cha kwanza, tofauti ni kwamba kwetu darasa zima linakuwa katika hali ya huyo mtoto wako, kwa kuwa wametoka kusoma kwa Kiswahili na ghafla masomo yote ni kwa Kiingereza. Watoto waliokuwa hodari wanageuka mabubu kwa muhula mzima, na tukidanganyika tunawaandika kuwa hawana akili.

Lililotusaidia ni kutenganisha kuelewa na kuwasilisha. Tunawaacha wajadiliane kwa Kiswahili mpaka hoja iive, kisha ndipo tunawapa sentensi chache za kuanzia kwa Kiingereza, wakazifanyia mazoezi wawili wawili kabla ya kusimama. Kwako fanya vivyo hivyo. Katika ule mkutano wa wenye kipande kimoja, kabla hawajarudi kwenye vikundi vyao, mweke na msomaji mzuri wa kipande hicho hicho, wakisome wote wawili kwa sauti, kisha yeye akieleze tena kwa maneno yake huku mwenzake akimsikiliza. Kama yupo mwingine anayezungumza lugha ya nyumbani kwao, hata awe wa darasa la sita, mwombe aketi nao dakika tano, wakielezane kwanza kwa lugha yao. Hakuna sheria inayokataza mtoto kufikiri kwa lugha aliyonyonyeshwa nayo.

Karatasi usimfupishie yeye peke yake. Wafupishie wote: kwa kila kipande andika sentensi nne, na chini yake weka mchoro mmoja. Atakaporudi kwenye kikundi aruhusiwe kueleza kwa kuonyesha mchoro, na sharti hilo liwe la kila mtu, hata yule msomaji wako bora, kwamba karatasi inabaki kwenye benchi imefunikwa wakati wa kueleza. Hapo hakuna atakayenyang'anya, kwa kuwa hakuna kinachosomwa, na utashangaa ni wangapi kati ya wale wa madawati ya mbele watakaokwama. Anza na kipande kimoja wiki ijayo, si sita, kisha utuandikie kilichotokea, hasa kama mkutano wa wenye kipande kimoja unakula muda mwingi, maana huko ndiko kwetu dakika zinakopotelea.